Pindo la Dirisha

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 28:31–35)

Karibuni tuketi pamoja kwa muda huu mfupi, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio vitandani hospitalini ambao redio ndiyo kanisa lenu siku ya leo.

Somo letu lahusu vazi la Haruni kuhani. Mungu hakumwagiza Musa habari za kilemba na za kifuko cha kifuani peke yake. Alishuka hata chini miguuni, akaagiza habari za pindo la joho. Pindo hilo liwe na makomamanga ya nyuzi za rangi, na baina ya komamanga na komamanga ining'inie njuga ya dhahabu, ili kuhani aingiapo na atokapo mbele za Bwana sauti isikike. Wengi wetu tusomapo sura hiyo huipita mbio. Lakini na tujiulize, pindo la chini, mahali pa kukusanya vumbi, lilikuwa na haja gani ya dhahabu?

Tumelichagua somo hili kwa kuwa leo twataka kuzungumza habari ya pindo jingine, yaani pindo la dirisha la kanisa. Twasema juu ya madirisha yale ya vioo vya rangi yaliyounganishwa kwa risasi. Hapa kwetu Kenya si mengi. Wazee wetu walioipokea Injili kwanza walisali katika nyumba za udongo na nyasi, baadaye za mawe na mabati, na dirisha lilikuwa tundu la kuingiza mwanga na hewa, basi. Lakini katika makanisa kadhaa ya mijini yako, na aliyepata kuingia humo wakati jua linawaka ameona jinsi sakafu inavyopata rangi nyekundu na samawi.

Mtu akilitazama dirisha la namna hiyo, jicho lake huenda moja kwa moja katikati, penye picha. Ataona Mchungaji Mwema na kondoo begani, au wanawake kaburini asubuhi. Ni wachache watazamao kando, kwenye ule ukanda wa majani, maua na vipande vidogo vidogo vya rangi ulioizunguka picha. Huo ndio tuuitao pindo. Akina mama hawahitaji kufundishwa neno hili, kwa maana leso ina mji, ina pindo, na ina maneno yake. Wala hatujapata kumwona mama akinunua leso isiyo na pindo.

Tuanze na kitabu. Mapema katika karne ya 12 mtawa mmoja, ambaye wataalamu wengi humdhania kuwa Mjerumani, aliandika kwa Kilatini habari za kazi za mikono zilizohitajiwa katika nyumba ya Mungu: kupaka rangi, kutengeneza vioo, na kufua dhahabu, fedha na shaba. Alijiita Theophilus, jina lile lile la mtukufu aliyeandikiwa Injili ya Luka. Asema fundi wa madirisha achukue ubao mpana uliosawazishwa, aukwangulie chaki juu yake, anyunyize maji, ausugue kwa kitambaa hata uwe mweupe wote. Ukikauka, apime urefu na upana wa sehemu moja ya dirisha, aichore ubaoni kwa rula na bikari. Kisha, kabla hajachora uso wa mtu yeyote, kama ataka dirisha liwe na pindo, achore pindo kwa upana autakao na kwa nakshi azitakazo. Hapo ndipo aanze kuchora watu wa katikati.

Twaomba msikilizaji atue kidogo hapo. Sisi tungedhani kwamba pindo hutiwa mwisho, kama mshonaji atiavyo lesi kwenye gauni lililokwisha. Kumbe lilichorwa mwanzo. Pindo ndilo lililoweka mpaka, na picha yenyewe ikapewa nafasi iliyobaki. Meza ya kazi ya namna hiyo, ya karne ya 14, imehifadhiwa mjini Girona, Hispania, na michoro ya mafundi ingali yaonekana juu yake.

Baada ya kuchora, vioo viliwekwa juu ya ubao vikakatwa kwa kuifuata mistari. Siku zile hapakuwa na kikatio cha almasi wala kigurudumu cha chuma kama watumiavyo mafundi wetu wa madirisha. Fundi alitia chuma motoni kikawa chekundu, akakigusisha kwenye ukingo wa kioo hata kikapata ufa mdogo, kisha akakivuta chuma polepole, na ufa ukakifuata. Kioo kikiwa kigumu, asema Theophilus, kiloweshwe kwa mate ya kidole. Halafu alichukua chuma kingine chenye pengo, akazimegua kingo za kioo kidogo kidogo, kama panya agugunavyo muhindi, hata kipande kikalingana na mstari. Fikirini sasa kazi ya pindo. Mchoro mmoja wa jani ulitumika kwa vipande vingi mno, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja sharti kilingane na jirani yake. Aliyechora uso wa nabii aliuchora mara moja akamaliza. Mwenye pindo alikuwa bado anamegua.

Rangi ya kuchorea juu ya kioo ilikuwa moja tu, yenye weusi. Ilifanywa kwa shaba iliyochomwa ikawa unga, ikasagwa pamoja na kioo cha kijani na cha samawi, ikakorogwa kwa divai au kwa mkojo. Naam, mkojo, kitabu chasema hivyo waziwazi, wala hatuoni sababu ya kuwaficha, maana Bwana wetu mwenyewe alitumia mate na udongo wa chini alipomfumbua macho yule aliyezaliwa kipofu. Rangi ikiisha kupakwa, fundi aliigeuza brashi yake na kwa mpini akaikwangua rangi ile, na mwanga ukapita penye mkwaruzo. Ndivyo zilivyopatikana zile shanga ambazo zaonekana katika madirisha mengi ya karne ya 12 na ya 13: mstari mwembamba mweusi, na ndani yake vidoto vya mviringo vyenye kung'aa, mfano wa lulu zilizotungwa, vikiandamana na pindo toka chini hata juu. Kisha vioo viliingizwa katika tanuri, rangi ikashikamana na kioo isifutike kwa mvua.

Mwisho vipande viliunganishwa kwa risasi. Waliisubu risasi iwe ukanda mwembamba wenye mfereji kuume na kushoto, hata ukiutazama mahali ulipokatwa una umbo la herufi H. Kioo kimoja chaingia mfereji huu na jirani yake mfereji ule. Misumari ilivishika vipande mezani visicheze, hata maungio yalipolehemiwa kwa bati. Kwa hiyo kila kipande cha dirisha, hata kiwe kidogo kama ukucha wa mtoto, kina pindo lake la risasi, na bila hilo hakuna picha wala dirisha.

Tena liko jambo moja la nje kabisa, nalo latupendeza kupita yote. Katika madirisha mengi ya kale ya Uingereza, baina ya pindo la rangi na jiwe la ukuta, mafundi waliweka ukanda mwembamba wa kioo cheupe kisicho na mchoro mkubwa, na mara nyingi kisicho na mchoro kabisa. Mtu angedhani fundi aliishiwa na rangi. Lakini jiwe la ukuta, likitazamwa kutoka ndani, huonekana jeusi, na rangi nzito ikikaribiana nalo humezwa. Ukanda mweupe huzitenga rangi na giza lile, nawe waliona umbo la dirisha sawasawa. Tena ukuta wa mawe haulingani kamwe na kipimo cha mezani. Dirisha likipelekwa ukutani likaonekana limezidi kidogo, fundi aliweza kupunguza kile cheupe, na majani na maua ya pindo yakabaki salama. Ukanda ule uliwekwa hapo ili, ikilazimu, ukatwe.

Ndugu zangu, katika kila ushirika tumewaona watu wa ukanda mweupe. Mkutano ukiwa mkubwa kuliko ilivyotazamiwa, na chakula hakitoshi, hao ndio walao mwisho, na pengine hawali. Wageni wakija usiku, vitanda vyao ndivyo vitolewavyo. Ratiba ikizidi, wimbo wao ndio uondolewao, ili mhubiri asipunguziwe dakika. Nao hawanung'uniki, na kwa sababu hawanung'uniki sisi twaona ni desturi tu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vile vidhaniwavyo kuwa havina heshima ndivyo tuvivikavyo heshima zaidi. Je, twavivika kweli? Mama anayefagia kanisa kila Jumamosi, jina lake lipo katika kumbukumbu za kamati? Fundi wa ukanda mweupe jina lake halipo popote.

Turudi kwenye habari yetu. Katika karne ya 12 pindo lilikuwa pana sana. Huko Canterbury, ambako sehemu ya kanisa kuu ilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1174, majani yamejikunja na kufumana juu ya samawi na nyekundu kwa utajiri usioelezeka, na baadhi ya mapindo hayo leo yamo katika majumba ya makumbusho, yakitazamwa peke yake kama kazi kamili. Lakini madirisha yakaanza kugawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe, nafasi ikawa finyu, na pindo likapungua mwaka hata mwaka. Kufikia karne ya 15 madirisha mengi hayakuwa nalo, au yalikuwa na lile jembamba tu.

Wala msidhani kwamba Wakristo wote wa zamani zile waliyafurahia mambo haya. Watawa wa shirika la Cîteaux, huko Ufaransa, waliagizana katika karne ile ile ya 12 kwamba madirisha yao yawe meupe, bila picha wala misalaba. Waliogopa moyo usije ukafuata rangi na kumwacha Mungu. Mkuu wao mashuhuri, Bernard wa Clairvaux, aliandika kwa ukali juu ya gharama za mapambo wakati maskini wana njaa, akauliza nyani wa kuchongwa na wanyama wa ajabu wana kazi gani mbele ya macho ya watawa. Sisi wa makanisa ya Matengenezo, tukisikia maneno hayo, twaweza kudhani ni ya mtu wa kwetu, ingawa yalisemwa miaka mia nne kabla ya Luther. Hata hivyo jambo moja latufanya tutabasamu. Katika kanisa lao la Obazine, madirisha kadhaa ya wakati ule yangalipo. Vioo ni vyeupe kama sheria ilivyotaka. Lakini fundi aliipinda risasi ikafumana kama ukili, akafanya nakshi nzuri ajabu kwa risasi peke yake. Alikatazwa rangi, hakukatazwa mstari. Mkono wa fundi ni mgumu kuuzuia, kwa maana aliyempa Bezaleli ustadi ndiye aliyempa na huyu.

Nyani naye hakufukuzika. Katika kanisa kuu la York, kaskazini ya Uingereza, kuna dirisha la yapata mwaka 1325 ambalo katika pindo lake la chini nyani wanafanya mazishi, wakibeba jeneza na kupiga kengele, na karibu yao mbweha amesimama penye kinara cha kusomea, anamhubiri jogoo. Kila mfugaji wa kuku aelewa mahubiri yale yataishia wapi. Juu, katikati ya dirisha, wamo watakatifu kwa heshima zao zote. Chini pindoni fundi alikuwa na la kusema juu ya wahubiri. Hatujui kama wakuu wa kanisa walicheka, lakini walilipokea, na sisi tusimamao mimbarani, na hata tuzungumzao redioni, si vibaya tukimtazama mbweha yule mara kwa mara.

Katika kanisa lile lile limo dirisha la Richard Tunnoc. Mtu huyu alikuwa mfua dhahabu na msubu kengele mjini York. Alifariki mwaka 1330. Katika picha za katikati twaona kengele ikisubiwa na ikisawazishwa sauti yake, na Tunnoc mwenyewe amepiga magoti. Lakini mapindo ndiyo yaliyotufanya tulitaje leo, kwa kuwa kuume na kushoto, toka chini hata juu, yamejaa kengele. Nyingine nyeupe, nyingine za manjano. Wakati ule mafundi walikuwa wamejifunza jambo jipya, kwamba ukipaka dawa iliyofanywa kwa fedha nyuma ya kioo cheupe na kukitia tanurini, fedha hugeuka kuwa manjano safi ndani ya kioo chenyewe. Hivyo kipande kimoja kiliweza kuwa na nyeupe na manjano bila risasi katikati. Twamwona msubu kengele, basi, akilipa dirisha lake pindo la kengele kama joho la Haruni. Kazi ya mikono yake ya kila siku, iliyompatia chakula, ndiyo aliyoileta pale.

Sasa twafika mahali pagumu, wala haifai tupazunguke, kwa kuwa ni habari ya baba zetu katika imani.

Matengenezo ya Kanisa yalipofika Uingereza, watu walisoma Biblia katika lugha yao wakaona jinsi Mungu alivyokataza kuchonga sanamu na kuzisujudia. Wakatazama makanisani mwao, wakaona watu wakiwasha mishumaa mbele ya picha. Mwaka 1547 serikali ya mfalme Edward VI iliagiza picha za ushirikina ziondolewe, hata zile za madirishani. Lakini kuondoa dirisha ni kukaribisha mvua, na kioo kipya kilikuwa ghali. Mwandishi mmoja wa nchi hiyo, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba sanamu nyingine zote zimeondolewa, isipokuwa picha za madirishani, nazo zaachwa zichakae pole pole, na mahali pake patiwe kioo cheupe. Umaskini uliokoa mengi kuliko hekima.

Miaka 60 na zaidi baadaye, wakati wa vita baina ya mfalme na Bunge, jambo likawa kali. Bunge lilitoa sheria mwaka 1643, na William Dowsing akatumwa kuzunguka wilaya za Suffolk na Cambridgeshire. Alifika makanisa zaidi ya 250 kati ya mwaka huo na 1644, akiandika katika daftari yake amevunja nini na kuagiza nini kivunjwe. Huko Canterbury mhubiri Richard Culmer alipanda ngazi ndefu akiwa na mkuki, akavunja dirisha kwa mkono wake mwenyewe, na habari hiyo aliiandika yeye mwenyewe kwa furaha. Watu hawa hawakuwa wezi. Waliamini wanamtii Mungu, na twaamini kwamba katika jambo la kutosujudia picha walikuwa na haki. Lakini vioo vilivyovunjwa vilikuwa kazi ya mikono ya watu waliomcha Mungu kwa kadiri ya nuru waliyokuwa nayo, na havikuweza kurudishwa tena.

Na katika mavunjo hayo ni nini kilichobaki? Mara nyingi ni pindo. Sheria ile ya mwaka 1643 yenyewe haikugusa nembo za ukoo wala kumbukumbu za wafu wasiohesabiwa kuwa watakatifu, na mapindo mengi yalikuwa na nembo, mataji, majani ya mwaloni na maua. Hakuna aliyeliomba jani la mwaloni limwombee kwa Mungu. Basi hata leo, katika makanisa mengi ya vijijini Uingereza, mtu huona dirisha la kioo cheupe katikati, ambako zamani alisimama mtakatifu fulani, na kandokando yake au juu kabisa vingalipo vipande vya pindo la zamani na shanga zake.

Wengine watatuuliza, je, mwataka turudishe sanamu? La hasha. Tumkumbuke mfalme Hezekia. Nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe alikuwa amefukiziwa uvumba na Waisraeli, na Hezekia akamvunja vipande vipande, naye Biblia yamsifu. Alivunja kilichoabudiwa. Lakini juu ya nguzo mbili za shaba mbele ya hekalu kulikuwa na makomamanga mamia, yaliyotiwa tangu siku za Sulemani kuzunguka vichwa vya nguzo. Nayo yangalikuwapo hata siku ya Wakaldayo, zaidi ya miaka mia moja baada ya Hezekia, kama isemavyo sura ya mwisho ya Wafalme wa Pili. Hezekia alipita penye makomamanga yale kila alipokwenda kuabudu, na hakuyaona kuwa adui.

Kupambanua namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvunja, na ngumu kuliko kuacha kila kitu kilivyo. Hata sisi katika nchi hii jambo hili si geni. Wazazi wetu walipobatizwa, mengi yaliwekwa kando kwa haraka: ngoma, shanga, majina, nyimbo za mavuno. Mengine yalikuwa yamefungamana kweli na ibada ya kale, na waliyaacha kwa gharama kubwa na kwa imani tunayoistahi. Mengine yalikuwa pindo tu. Leo kayamba na ngoma zasikika katika makanisa mengi ambamo zamani zisingeingia mlangoni, na kuna wazee wanaolia wakizisikia, wengine kwa uchungu na wengine kwa furaha. Tusiwadharau hao wala hao.

Huko York kulikuwa na mtu aliyejua kupambanua, naye alikuwa askari. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Bunge mwaka 1644, ukasalimu amri mwezi wa Julai. Mmoja wa majemadari alikuwa Sir Thomas Fairfax, mwenyeji wa jimbo lile lile, mtu wa upande wa Matengenezo bila shaka yoyote. Katika masharti ya kusalimu amri iliandikwa kwamba makanisa yasiharibiwe, na Fairfax alisimamia neno hilo likatimizwa. Askari waliokuwa wametoka vitani waliingia katika mji wenye vioo vingi vya kale, wakavipita. Ndiyo maana kengele za Tunnoc na mbweha wa jogoo wangalipo.

Katika kanisa hilo hilo liko dirisha jingine liitwalo Dada Watano, la yapata mwaka 1250. Ni madirisha matano membamba yaliyosimama pamoja, kila moja likipita meta 16 kwenda juu, karibu yote kioo cha kijivujivu chenye majani yaliyochorwa kwa mistari, na rangi kidogo kidogo tu. Vipande vyake ni zaidi ya 100,000, na kila kimoja, kama tulivyosema, kina pindo lake la risasi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza vioo hivyo viliteremshwa kwa kuogopa mabomu ya ndege, na vita vilipokwisha ikaonekana kwamba risasi imechoka, haiwezi tena kuvishika. Risasi mpya yahitajika nyingi. Itatoka wapi?

Si mbali na York kuna magofu ya nyumba ya watawa iitwayo Rievaulx. Ilikuwa ya shirika lile lile la Cîteaux, watu wa vioo vyeupe. Mfalme Henry VIII aliifunga mwaka 1538. Risasi ya paa lake iling'olewa, ikayeyushwa, ikafanywa mapande makubwa na kupigwa muhuri wa mfalme, tayari kuchukuliwa na kuuzwa. Lakini ukuta wa upande wa magharibi ulianguka ukayafunika mapande kadhaa, yakalala chini ya mawe karibu miaka 400. Yalifukuliwa katika miaka ya 1920, muhuri ungali juu yake. Yakapelekwa York, yakayeyushwa tena, yakavutwa kuwa mikanda ya umbo la herufi H, na kwayo vioo vya Dada Watano vikaunganishwa kipande kwa kipande. Mwaka 1925 dirisha hilo liliwekwa wakfu kuwa ukumbusho wa wanawake waliokufa katika vita ile, wauguzi wengi wakiwa miongoni mwao, na majina yao yameandikwa katika mbao za mwaloni karibu na hapo.